Usisimame Ghafla: Mwongozo kwa Anayezimia Mazoezini

Siku ya mashindano ya mbio, simama karibu na mstari wa kumalizia uwatazame wanaofika. Mmoja anavuka mstari akiwa amemwaga nguvu zote. Hatua tatu mbele amesimama, ameinama, viganja vimeshika magoti. Anayegawa medali anamwambia anyooke. Anayepiga picha anamwambia acheke. Anajaribu. Midomo inapauka, jasho jipya la baridi linamtoka, anapiga mwayo, macho yanatazama mbali bila kuona kitu. Kisha magoti yanalegea na anashuka chini kama kanga iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Muda si mrefu amefumbua macho, anauliza kuna nini. Anapelekwa hospitali, anapimwa, anaambiwa moyo wake ni mzima. Anarudi nyumbani na maswali mawili: kama moyo ni mzima, mbona nilianguka? Na nitaanguka tena lini?

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Umeandikwa pia kwa ajili ya kocha wake, mwalimu anayeongoza mchakamchaka, kiongozi wa kikundi cha jogingi cha mtaani, na mwenza anayebaki nyumbani na wasiwasi. Shika jambo moja kabla ya mengine yote: aliyeanguka baada ya kusimama na aliyeanguka huku bado anakimbia hawana tatizo moja. Wa kwanza mara nyingi anahitaji kujifunza kumaliza mazoezi. Wa pili anahitaji daktari kabla ya kuvaa raba tena.

## 1. Kwanza elewa: damu ilikwenda wapi?

Ukiwa umekaa, moyo unasukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na misuli inapata kama sehemu moja ya tano tu. Ukikimbia kwa nguvu, moyo unaweza kusukuma lita 20 au zaidi kwa dakika, na zaidi ya robo tatu ya damu hiyo inakwenda kwenye misuli. Ili ipite, mishipa ya miguu inatanuka sana. Jua likiwa kali, mishipa ya ngozi nayo inatanuka ili mwili upoe.

Damu iliyoshuka miguuni sharti ipande tena mpaka kwenye moyo. Kazi hiyo moyo hauifanyi peke yake; unasaidiwa na vigimbi. Kila unapopiga hatua, kigimbi kinajikaza na kuibana mishipa iliyo ndani yake, damu inasukumwa juu, na vilango vidogo ndani ya mishipa vinaizuia isirudi chini. Ni kama pampu ya kukanyaga ya kumwagilia bustani: ukikanyaga, maji yanapanda, ukiacha, yanakatika.

Sasa simama ghafla. Pampu imezimwa, lakini mishipa bado imetanuka. Damu inatuama miguuni, moyo unakosa cha kusukuma, presha inaporomoka, na ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache tu fahamu zinakatika. Kuanguka kwenyewe kunageuka kuwa tiba: ukishalala, damu haina mlima wa kupanda, na ndiyo maana unazinduka upesi.

Kuna njia ya pili, ya mishipa ya fahamu. Mwili una mfumo unaopandisha na kushusha kasi ya moyo na presha bila wewe kujua. Kwa baadhi ya watu, mfumo huo ukishtuliwa na joto, maumivu, woga, kuona damu au kusimama kwa muda mrefu, unatoa amri iliyokwenda kinyume: moyo upunguze kasi na mishipa ilegee, wakati huohuo mwili ukihitaji presha zaidi. Mwanafunzi anayeanguka paredi baada ya mchakamchaka, au kuruta anayeanguka kwenye gwaride, mara nyingi amepitia njia hii. Hajalogwa, hajapandisha mashetani, wala hajigeuzi. Moyo wa wengi wao ukipimwa hauonyeshi kasoro.

Mambo yanayoifanya presha iwe tayari kuporomoka ni haya:

- Joto na unyevu wa hewa, kama ule wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar kati ya Desemba na Machi.
- Upungufu wa maji na chumvi, hasa baada ya kuhara au kutapika.
- Upungufu wa damu. Uliza hili mapema kwa msichana mwenye hedhi nzito, mjamzito, au mtu mwenye minyoo ya safura.
- Homa, malaria, au siku za kwanza baada ya kupona.
- Kutokula, kutolala, au pombe ya jana usiku.
- Kuchangia damu ndani ya saa 24 zilizopita.
- Dawa: za kushusha presha, za kukojosha, za tezi dume, na vidonge vya nguvu za kiume.

## 2. Swali la kwanza: ulianguka kabla au baada ya kusimama?

Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, kiungo wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja kwenye mechi dhidi ya Kolombia. Hakuna aliyemgusa. Alifariki siku hiyo akiwa na miaka 28, na uchunguzi ulionyesha kuta za moyo wake zilikuwa zimenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mtu anaweza kuwa nao miaka mingi bila kujua. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka London na moyo wake ukasimama kwa dakika 78. Alipona kwa sababu watu walianza kumsukuma kifua palepale uwanjani na hawakuacha. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen. Alibonyezwa kifua, akashtuliwa moyo kwa mashine, na mwaka uliofuata alirudi kucheza.

Wote watatu walianguka mchezo ukiendelea. Nawataja ili uone kwa nini swali la kabla au baada linatangulia maswali mengine. Wapo wanaozimia katikati ya mazoezi na bado vipimo vikaonyesha moyo mzima, lakini hilo lazima lithibitishwe na daktari. Usijithibitishie mwenyewe.

> KISANDUKU CHA 1: ALAMA ZA HATARI
> Ukiwa na hata moja, acha mazoezi mpaka upimwe moyo.
>
> ☐ Ulianguka ukiwa bado unakimbia, unacheza au unapanda mlima, kabla hujapunguza mwendo.
> ☐ Ulizimia ukiwa majini.
> ☐ Hukupata onyo lolote: hakuna kizunguzungu, hakuna giza machoni, ulijikuta tu uko chini.
> ☐ Uliumia uso kwa sababu hukuwahi hata kunyoosha mikono.
> ☐ Kabla ya kuanguka moyo ulikwenda mbio ghafla, ulidunda ovyo, au kifua kilibana.
> ☐ Ulizimia ukiwa umelala, au baada ya kushtuliwa na kelele kama kengele au honi.
> ☐ Ndugu wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, alikutwa amekufa usingizini, au alizama ingawa alijua kuogelea.
> ☐ Uliwahi kuambiwa moyo una mvumo, au utotoni uliugua homa iliyovimbisha viungo.
> ☐ Umetoka kuugua mafua makali au homa, na sasa pumzi inakatika upesi kuliko kawaida.
> ☐ Umepita miaka 35, hukuwahi kuzimia kabla ya hapo, na una kisukari, presha ya juu au unavuta sigara.

## 3. Hospitali: namna ya kueleza na cha kuomba

Daktari hakukuona ukianguka. Maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho chenye uzito kuliko vyote. Tatizo ni kwamba wengi hufika na neno moja tu, "nilizimia," basi wanapewa dripu na kuruhusiwa.

1. Andika siku hiyohiyo. Ulikuwa unafanya nini, kwa muda gani, saa ngapi, juani au kivulini, ulikula na kunywa nini, ulihisi nini kabla.
2. Nenda na shahidi. Aliyekuona atajua kama ulipauka, ulikoroma, ulirusharusha mikono, au ulikaa chini kwa muda gani. Kama kuna video ya simu, ihifadhi.
3. Anza na sentensi yenye wakati ndani yake. Kwa mfano: "Daktari, nilimaliza kukimbia kilomita 10, nikasimama kama dakika moja nikisubiri wenzangu, macho yakaona giza, nikaanguka." Au: "Daktari, nilianguka nikiwa bado nakimbia, sikuhisi kitu kabla."
4. Beba dawa zako zote, za hospitali, za duka la dawa na za mitishamba.
5. Taja vifo vya ghafla katika ukoo, hata kama nyumbani vilielezwa kwa sababu nyingine.

Vipimo vya kuanzia ni vya kawaida: presha ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, wingi wa damu, sukari, kipimo cha malaria ukiwa na homa, kipimo cha ujauzito kwa mwanamke anayeweza kuwa mjamzito, na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ambacho huchukua dakika chache na hakiumi. Kama ulianguka katikati ya mazoezi au una alama yoyote ya Kisanduku cha 1, uliza pia kuhusu eko, picha ya moyo ukiwa unadunda, na kipimo cha kukimbia kwenye mashine huku moyo ukifuatiliwa. Vipimo hivi hupatikana katika hospitali kubwa na taasisi za moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, na Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala.

Usitoke chumbani kwa daktari bila majibu ya maswali haya matatu: *Je, umeridhika kwamba moyo wangu ni mzima? Naruhusiwa mazoezi gani na kuanzia lini? Dalili gani ikitokea nirudi siku hiyohiyo?*

## 4. Onyo likija: tumia sekunde zako

Kuzimia kwa presha kushuka mara nyingi hubisha hodi. Jifunze hodi yako, kwa maana kila mtu ana yake: kupiga miayo, kichefuchefu, jasho la baridi, masikio kuvuma, sauti za watu kwenda mbali, kuona nyotanyota, au giza linaloanzia pembeni mwa macho na kuja katikati. Una sekunde chache, pengine dakika. Zitumie hivi:

1. Lala chini pale ulipo. Usitafute kivuli kilicho mita hamsini. Usione haya, nguo zinafuliwa, jino lililovunjika halioti.
2. Inua miguu juu ya begi, jiwe, ukuta au bega la mwenzako.
3. Huwezi kulala? Chuchumaa. Kuchuchumaa kunabana mishipa ya mapaja na kurudisha damu juu upesi.
4. Huwezi hata kuchuchumaa? Kaza misuli. Pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio kwa nguvu. Shikanisha vidole vya mikono miwili mbele ya kifua, vuta kama unayetaka kuiachanisha. Endelea kupumua.
5. Sema kwa sauti: "Nazimia." Neno hilo moja linamwondolea mwenzako kubahatisha.
6. Ukipata nafuu, inuka kwa awamu: lala, kaa dakika chache, chuchumaa, kisha simama. Ukihisi tena, rudi chini. Mazoezi ya siku hiyo yameishia hapo.

Jizoeze kupishanisha miguu na kukaza misuli nyumbani mara kadhaa ukiwa mzima. Siku ya tukio kichwa kitakuwa kizito; mwili ndio utakaokumbuka.

## 5. Jifunze kumaliza

Hapa ndipo penye dawa ya wengi, na haiuzwi. Mtu anajinyoosha dakika kumi kabla ya kuanza, kisha anamaliza kwa kusimama kama gari lililogonga ukuta.

1. Punguza kabla ya kuacha. Dakika mbili au tatu za mwisho ziwe za mwendo wa pole.
2. Tembea dakika 5 hadi 10 baada ya kumaliza. Usiache mpaka pumzi irudi kiasi cha kuongea sentensi nzima bila kuhema.
3. Foleni ya medali, maji au picha isikusimamishe. Piga hatua papo hapo, au panda na kushuka kwa vidole vya miguu ili vigimbi viendelee kufanya kazi.
4. Ukiinama, usinyanyuke kwa mara moja. Shika kitu, panda taratibu.
5. Kaa chini mapema. Kama huwezi kutembea, kukaa au kulala ni salama kuliko kusimama wima kwa ujasiri.
6. Ahirisha maji ya moto. Kuoga maji ya moto mara baada ya mazoezi kunatanua mishipa zaidi. Subiri angalau robo saa, oga maji vuguvugu au ya kawaida, na usifunge mlango kwa komeo.
7. Epuka kurukia garini na kuendesha huku kichwa bado chepesi.

## 6. Jiandae kabla hujatoka

Maji. Anza siku ukiwa na mkojo wa njano hafifu. Kwa anayezimia mara kwa mara na mwenye figo na moyo mzima, madaktari huelekeza lita 2 hadi 2.5 za vinywaji kwa siku, na glasi mbili za maji dakika chache kabla ya mazoezi humsaidia kushikilia presha. Wakati wa mazoezi kunywa kwa kiu.

> ONYO: MAJI MENGI NAYO NI HATARI
> Kumlazimisha mkimbiaji anywe kila kituo, hata kama hana kiu, kunaweza kushusha chumvi ya damu mpaka ubongo uvimbe. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 walikuta 13% chumvi yao imeshuka kupita kiasi. Mtu aliyekunywa sana, amevimba vidole, anatapika, anaumwa kichwa na anachanganyikiwa asiongezwe maji. Awahishwe hospitali.

Chumvi. Kama huna presha ya juu wala ugonjwa wa figo, na daktari amekubali, usiikimbie chumvi ya chakulani. Uji wenye chumvi kidogo, supu, au ORS baada ya mazoezi marefu ya joto hurudisha kilichotoka na jasho.

Chakula. Usitoke na njaa, wala usitoke na ugali bado uko kooni. Mlo mwepesi saa mbili kabla, au ndizi na chai nusu saa kabla, vinatosha.

Saa na mavazi. Alfajiri au jioni. Nguo nyepesi. Usivae mifuko ya plastiki au masweta ili "kutoa jasho". Yanayotoka ni maji, mafuta yanabaki palepale.

Mfungo. Ukiwa umefunga Ramadhani au Kwaresima, hamishia mazoezi mazito baada ya kufuturu, ukishakunywa na kula kidogo. Kabla ya kufuturu, kutembea polepole kunatosha.

Ugonjwa. Una homa, unahara, au mwili wote unauma? Pumzika. Hakuna anayetoa malaria kwa jasho.

Dawa. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Muulize daktari kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa.

## 7. Tahadhari kwa kila aina ya zoezi

- Jimu, vyuma. Kubana pumzi ukiinua chuma kunapandisha presha kisha kunaiporomosha ukishusha. Toa pumzi unapoinua. Ukimaliza seti ya squat, tembea hatua kadhaa.
- Mashine ya kukimbilia. Usibonyeze kitufe cha kusimamisha ghafla. Shusha kasi kidogokidogo, na funga ile kamba ya usalama kwenye nguo.
- Kuogelea. Aliyewahi kuzimia asiogelee peke yake, na asivute pumzi nyingi za haraka ili akae chini ya maji muda mrefu. Kuzimia nchi kavu ni dakika moja. Kuzimia majini ni maisha.
- Baiskeli. Onyo likija, shuka kabla ya kuamua lolote.
- Kandanda. Hatari yako ni mapumziko na mwisho wa mechi. Kocha asiwasimamishe wachezaji wima kwa hotuba ndefu; wakae, au watembee akiwa anaongea.
- Mchakamchaka na gwaride. Baada ya kukimbia, wanafunzi watembee kwanza ndipo wapange mstari. Anayejisikia vibaya aruhusiwe kukaa bila kuomba ruhusa mara mbili wala kuchapwa.

## 8. Mwenzako ameanguka: fanya hivi

Swali lako la kwanza ni hili: anapumua kawaida?

1. Mtikise bega, mwite kwa nguvu. Tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10.
2. Anapumua kawaida: mlaze chali kivulini, inua miguu yake, legeza mkanda na nguo zinazobana, tawanya watu. Mjamzito mlaze ubavu wa kushoto. Anayetapika mgeuze ubavu.
3. Tazama saa. Aliyezimia kwa presha kushuka kwa kawaida huzinduka ndani ya dakika moja au mbili na hujitambua upesi.
4. Akizinduka, mwache alale dakika 10. Usimnyanyue ili "apate hewa."
5. Akishaamka vizuri na kuweza kumeza, mpe maji kidogokidogo.
6. Mkague jeraha la kichwa. Aliyegonga kichwa, aliyekawia kuzinduka, au aliyeanguka katikati ya zoezi aende hospitali leo.

Kurusharusha mikono kwa sekunde chache kunaweza kutokea katika kuzimia kwa kawaida. Usimwite mtu mwenye kifafa kwa hilo peke yake. Mweleze daktari ulichoona.

> KISANDUKU CHA 2: HUKU SIYO KUZIMIA KWA KAWAIDA
>
> Hajibu na hapumui, au anavuta pumzi mojamoja kwa kukoroma: moyo umesimama. Mmoja apige simu (112 Tanzania, 112 au 999 Kenya) na kutafuta gari. Wewe weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kipande kila mara. Peaneni zamu kila dakika mbili. Kama ipo mashine ya kushtua moyo, iwashe ufuate maelekezo yake. Usiache mpaka aanze kupumua au wataalamu wafike.
>
> Mwili unawaka, anaongea ovyo au anapigana: joto limepanda, pengine zaidi ya nyuzi 40. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mtumbukize kwenye maji ya baridi kichwa kikiwa juu na kimeshikwa. Kama hakuna pipa la maji, mmwagie maji mfululizo, mfunike kanga zilizolowa, mpepee, mwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena.
>
> Ana fahamu, ila miguu imeishiwa nguvu na inauma sana, hasa aliyekimbizwa kwa nguvu asiyoizoea: huenda ana kinasaba kimoja cha selimundu, ambacho wengi wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wanacho bila kujua. Asilazimishwe kuendelea wala kutembezwa. Mpumzishe, mpoze, awahishwe hospitali.
>
> Ana kisukari na anatumia dawa: pima sukari. Kama anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au glukosi.

## 9. Makosa tunayoyafanya kila siku

- Kumkalisha au kumsimamisha haraka. Anazimia mara ya pili, safari hii kutoka juu zaidi.
- Kumnusisha kitunguu, kumpiga makofi, kumbinya. Havipandishi presha. Miguu iliyoinuliwa inapandisha.
- Kumwagia maji mdomoni akiwa hana fahamu. Yanaingia kwenye mapafu. Soda nayo ni hivyohivyo.
- Kumwekea kijiko katikati ya meno. Kinavunja meno na kuziba koo.
- Kuzunguka kama ukuta. Watu wawili wanatosha. Wengine wazuie jua kwa mbali na kutafuta gari.
- Kusema "alizinduka, basi." Aliyeanguka akikimbia na kuzinduka baada ya sekunde 20 bado anahitaji kupimwa moyo.
- Kuacha mazoezi maisha yote. Moyo ukishathibitishwa kuwa mzima, kukaa bila mazoezi kunaleta magonjwa mengine na kunapunguza uwezo wa mwili wa kuvumilia kusimama.

## 10. Kurudi uwanjani

Anza tu baada ya daktari kuruhusu. Wiki moja ikipita bila dalili, nenda inayofuata. Dalili ikirudi, shuka ngazi moja na umpigie daktari.

1. Wiki ya kwanza: tembea dakika 20 hadi 30, na mwenzako, asubuhi.
2. Wiki ya pili: tembea dakika tatu, kimbia polepole dakika moja, rudia.
3. Wiki ya tatu: kimbia mwendo wa kuweza kuongea, dakika 20, kisha tembea 10.
4. Wiki ya nne na kuendelea: ongeza muda kwanza, kasi baadaye. Usiongeze vyote wiki moja.

Katika daftari, kila siku andika mambo manne: ulilala saa ngapi, ulikunywa nini, hali ya hewa, na ulijisikiaje dakika tano baada ya kumaliza. Baada ya mwezi utaona mwenyewe siku zako mbaya zinafanana kwa lipi.

> ORODHA YA MFUKONI
> ☐ Nimepimwa moyo, nimepata ruhusa.
> ☐ Nimelala, nimekula, mkojo ni wa njano hafifu.
> ☐ Sina homa, sikuhara, sikuchangia damu jana.
> ☐ Mwenzangu anajua kwamba huwa nazimia, na anajua kuinua miguu.
> ☐ Namba ya mtu wa nyumbani na ya gari la wagonjwa iko kwenye simu na kwenye karatasi.
> ☐ Nitatembea dakika 5 hadi 10 nikimaliza.

Na wewe unayeandaa mbio, ziwe za mkoa au za mtaa, hili halikugharimu chochote: hamisha meza ya medali. Iondoe kwenye mstari wa kumalizia, iweke mita mia moja mbele, na wapiga picha uwapange hukohuko. Wakimbiaji wataifuata wakitembea, vigimbi vikiendelea kusukuma damu, na wengi ambao wangeangukia mstarini watafika mezani kwa miguu yao.